Njiwa Mkononi mwa Bompa

Siku ya kwanza Bompa aliponipa njiwa nimshike, nilimshika kama kuku: mikono miwili, mabawa nimeyabana, shingo nimeiacha inacheza. Akanitazama kama ninavyomtazama mimi mwanafunzi wa uuguzi aliyefunga bendeji ovyo. Akamchukua ndege wake na kunionyesha. Miguu hupita kati ya kidole cha shahada na cha kati, ikielekea nyuma. Kidole gumba hulala juu ya mgongo na kufunga ncha za mabawa pamoja na mkia. Kidari hukaa kwenye kiganja cha mkono wa pili. Hapo njiwa hutulia mwenyewe.

"Sasa funga macho," akasema. "Mpime."

Mimi ni muuguzi wa majumbani. Kila asubuhi nazunguka na gari dogo katika vijiji vya Kempen, mashariki ya Antwerp, naosha wazee, nachoma sindano za sukari, nasafisha vidonda. Nilizaliwa Arusha, Ubelgiji nilikuja mwaka 2009. Bompa amekuwa mgonjwa wangu tangu 2016, alipobadilishwa nyonga. Wajukuu wake humwita Bompa, ndivyo watu wa pande za Antwerp wanavyomwita babu, nami nikafuata. Yeye huniita Sista, kama wazee wengi wa huku wanavyowaita wauguzi, kwa kuwa walikua enzi ambazo muuguzi alikuwa mtawa. Mimi utawa sina. Nina watoto watatu.

Nikafunga macho. Kwa kumtazama alikuwa ndege mkubwa. Kiganjani hakufika nusu kilo. Chini nikapapasa mfupa wa kidari, umekaa kama mkuku wa jahazi: mbele una kina, kisha unapanda taratibu kuelekea nyuma, mpaka unakutana na vifupa viwili vyembamba kama njiti. Bompa akaniuliza kama vifupa hivyo vimekaribiana au vimeachana. Vimekaribiana. Vigumu au vinabonyea? Vigumu. "Basi huyo ameumbika," akasema. "Haya, niambie kama ni mzima."

Nikafumbua macho. Nilidhani ni swali lile lile.

Siyo. Miaka hii niliyokaa karibu na wafuga njiwa nimeona ugomvi wao mkubwa, na sehemu kubwa ya historia yao, umetoka hapo. Kuna alichorithi ndege, na kuna hali aliyoamka nayo leo. Hili la pili mkono hulisoma vizuri sana. La kwanza watu wamelitafuta kwa miaka mia mbili kwenye mdomo, kwenye bawa, na zaidi kwenye jicho, na wengi wamepotelea huko pamoja na pesa zao.

Njiwa wa mashindano ni chotara, na wazee wa huku hawaoni haya kulisema. Mwanzoni mwa karne ya 19 ufugaji Ubelgiji ulikuwa na makao mawili makubwa. Upande wa Liège walikuwa na smerle, njiwa mdogo, kichwa mviringo, mdomo mfupi. Antwerp, mji wa bandari, walikuwa na kumuleti, njiwa mweupe anayepanda juu mpaka anapotea machoni, na njiwa wakubwa waliovuka bahari kutoka Uingereza wakiwa na damu ya karia, yule mwenye vinyama kama koliflawa juu ya pua, ambaye asili yake nayo ni nchi za Mashariki. Inavyosimuliwa, smerle alileta akili ya kurudi nyumbani, kumuleti akaleta kudumu angani, na wale wakubwa wakaleta nguvu za bawa. Ukitazama picha za kale unaweza kuwatenganisha: njiwa wa Antwerp ni mrefu, pua nene, wa Liège ni mfupi, uso kama wa mtoto. Baadaye reli ikaja, watu wakauziana mayai na makinda, damu zikaingiana. Lakini hata leo bandani kwa Bompa kuna dume mmoja mwenye vinyama vikubwa vya pua kuliko wenzake, na yeye husema tu, "Babu yake Mwingereza."

Mashindano yalianza mapema. Mwaka 1818 njiwa walirushwa umbali wa kilomita 160 hivi nchini humu. 1820 wakarushwa kutoka Paris hadi Liège. 1823 kutoka London. Mchezo ukashuka haraka kwa watu wa kazi: wachimba makaa ya mawe, wafumaji, mafundi. Waliuita mbio za farasi za maskini. Kabla ya saa za mashindano kuenea, njiwa akitua ilibidi habari ifikishwe kilabuni kwa miguu, kwa hiyo mwenye njiwa aliweka vijana wenye mbio. Bompa alisimuliwa na babu yake kwamba katika kijiji chao mvulana mwenye pumzi nzuri alikuwa na bei yake, na kwamba baba mmoja alikataa kumwozesha binti yake mpaka mkwe akubali kuendelea kukimbia Jumapili. Hili la mkwe silitilii sahihi. La vijana kukimbia ni kweli.

Mwaka 1850 kulikuwa na pengo kwenye waya wa simu ya maandishi kati ya Aachen na Brussels. Paul Julius Reuter akalijaza kwa njiwa 45 wa mtengeneza bia wa Aachen aliyeitwa Heinrich Geller. Treni ilichukua saa sita hivi, njiwa saa mbili, na bei za hisa zikawafikia wateja wake kabla ya wengine. Miaka 20 baadaye, Paris ilipozingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1870 mpaka Januari 1871, njiwa walitolewa mjini kwa baluni na kurudi wakiwa wamefungwa mkiani barua zilizopunguzwa kwa picha, kazi ya René Dagron, mpaka maelfu ya maneno yakaenea kwenye utando usiozidi ukucha kwa uzito. Njiwa wengi hawakurudi. Waliorudi walitosha kuwafanya majenerali wa Ulaya nzima wajenge mabanda.

Hapo ndipo njiwa wa mchimba makaa alipogeuka silaha, na mwenyewe akageuka mtu wa kushukiwa. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji mwaka 1914, kuwa na njiwa bila ruhusa kulikuwa hatari ya maisha. Brussels, karibu na soko la zamani la samaki la Sainte-Catherine, kuna sanamu iliyosimamishwa mwaka 1931 kumkumbuka njiwa askari pamoja na wafugaji waliokufa kwa ajili ya nchi. Niliwahi kuwapeleka wanangu. Njiwa wa mjini walikuwa wamejisaidia juu yake. Nilipomsimulia Bompa alicheka mpaka akakohoa.

Lakini yeye ukimuuliza nini kilimtengeneza njiwa huyu, hakutajii Reuter wala vita. Anataja kapu. Jumamosi baada ya Jumamosi, kuanzia masika mpaka mwisho wa kiangazi, njiwa hufungwa kwenye makapu, hupakiwa kwenye lori, hupelekwa kusini. Quiévrain, mpakani na Ufaransa, ni safari ya watoto, kama kilomita mia moja na kidogo. Kisha Noyon, Orléans, Bourges. Mwezi wa Julai kuna Barcelona, kama kilomita 1,000, Pirenei katikati. Asiyerudi hazai. Anayerudi wa kwanza anapewa jike zuri. Fanya hivyo kwa vizazi mia na zaidi, kwa mamia ya maelfu ya ndege, na utapata mnyama ambaye hakuna aliyemchora kwenye karatasi. Wafugaji wa njiwa wa urembo huchagua kwa macho. Hawa walichagua kwa kupoteza.

Ndiyo maana nashangaa kwamba watu hao hao, ikifika baridi na hakuna mbio, hukaa kilabuni na lenzi wakitazama macho.

Nadharia ya jicho ina wapiga debe wengi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilivuma zaidi, Ubelgiji na Uingereza. Mtaalamu hukaa mezani chini ya taa. Anamleta njiwa karibu, anaweka lenzi kama ya sonara, anatazama duara jembamba linalozunguka mboni, kisha kile kiwambo cha rangi kinachofuata, kisha ukingo wa nje. Duara likiwa pana upande wa mbele, anasema huyu ni wa kuzalisha. Likiwa jeusi na kamili, ni wa mbio. Rangi ikiwa na vibonde na vilima kama udongo uliolimwa, ni damu nzuri. Anaandika alama kwenye karatasi, anapokea ujira, anaomba bia. Nimekaa meza moja na mmoja wao. Alikuwa na mikono safi sana na sauti ya daktari. Alimpa alama za juu njiwa ambaye, kama Bompa alivyonong'ona baadaye, alikuwa amepotea mara mbili akitokea Quiévrain.

Na bado jicho lina urithi wa kweli. Njiwa wengi wana jicho la chungwa, rangi yake ikitokana na chembe za rangi na mishipa ya damu kwa pamoja. Wengine wana jicho jeupe, wafugaji huliita la lulu. Mwaka 2021 makundi mawili ya watafiti yalionyesha chanzo chake: hitilafu katika jeni moja iitwayo SLC2A11B, ambayo ikiharibika, rangi ya njano haitengenezwi. Mtoto huhitaji nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo wazazi wawili wenye jicho la lulu hawazai jicho la chungwa. Kuna pia jicho jeusi tii, la fahali, linaloonekana sana kwa njiwa weupe. Lenzi inaweza kukuambia hayo. Ikuambie njiwa atavuka Pirenei? Nimeuliza wengi, na wenye kushinda wengi hutikisa kichwa, kisha hununua lenzi nyingine.

Nije kwenye uzima, ambako mimi niko nyumbani.

Bompa huanza na pua. Kile kinyama juu ya mdomo kiwe cheupe na kikavu kama chaki. Kikiwa cha kijivu, kina unyevu, au vumbi limenata juu yake, ndege ana mafua, au anajikuna pua na kujifuta mabegani, na ukitazama manyoya ya bega utayaona yamechafuka. Isipokuwa kama analisha makinda. Hapo pua ya kila mmoja huchafuka, na ni mjinga tu atakayetibu hilo. Kisha macho: yote mawili, si moja. Jicho moja likilia peke yake, anamtenga. Kisha anafungua mdomo kwa kidole gumba, anauelekeza kwenye dirisha. Koo liwe la waridi. Utando wa njano kama jibini ni kazi ya trikomonasi, kimelea ambacho njiwa wengi wanacho na ambacho wazazi huwapa watoto pamoja na maziwa ya gole. Naam, njiwa wana maziwa, dume na jike, yanatoka kwenye gole, na kinda huishi kwayo siku zake za mwanzo. Nyuzi za makamasi zikivutika kutoka juu hadi chini mdomo unapofunguka, ni ugonjwa wa pumzi.

Halafu anapuliza. Hili nililipenda tangu siku ya kwanza. Anaweka kinywa karibu na kidari na kupuliza taratibu, manyoya yanagawanyika, ngozi inaonekana, na chini yake nyama. Ikiwa nyekundu ya waridi na ngozi haina magamba, ndege yuko tayari. Ikiwa ya samawati, hata ale mahindi ya dhahabu, hatafika mapema. Mimi hutazama kucha na midomo ya wazee kwa sababu ile ile: damu yenye hewa na isiyo na hewa haifichiki.

Na kinyesi. Marafiki zangu wa Dar huchoka nikianza habari hizi, lakini muuguzi yeyote atanielewa. Kinyesi cha njiwa mzima asubuhi ni kijiduara kigumu cha kahawia chenye kofia nyeupe, na juu yake kumenata kinyoya kidogo chororo. Bompa akiingia bandani akakuta sakafu ina vinyoya hivyo kama theluji ya kwanza, hasemi neno, anapiga mluzi. Vikiwa kijani na maji, mluzi hakuna, na siku hiyo najua presha yake itakuwa juu kabla sijafunga kifaa mkononi.

Siku ya kuoga ni Jumanne. Njiwa wana unga laini wanaoutoa kwenye manyoya yao. Ndio unaokuachia weupe kwenye sweta ukimshika. Wakishaoga, beseni hubaki na utando mweupe juu ya maji, kama maziwa yaliyomwagwa. Utando mzito, banda zima. Maji yakibaki meupe kidogo tu, kuna kitu kinakuja. Msimu mmoja niliona beseni hilo likiwa wazi kabisa, na siku ya tatu ndege wawili walikuwa wanageuza shingo juu chini, wanadonoa pembeni ya punje. Ni virusi vya paramikso, vilivyoenea kwa njiwa wa Ulaya miaka ya 1980, na huku chanjo yake ni lazima kwa njiwa wa mbio. Ndege hao walikuwa wamechelewa kuchanjwa. Bompa hakumlaumu mtu, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Nyoya nalo huweka kumbukumbu. Bawa lina manyoya 10 makubwa ya mbele, na njiwa huyabadilisha kwa zamu, kuanzia la ndani kwenda nje. Nyoya likiwa linaota na ndege akapata homa au njaa, hubaki mstari mwembamba umekata nyoya lote kama wembe uliopita. Bompa hulifungua bawa kama feni na kusoma: hapa Agosti aliugua, hapa alishinda njaa siku mbili, labda alipotea akarudi. Tukiwa na ndege mgeni asiyejulikana atokako, hilo bawa ndilo faili lake la hospitali.

Yote hayo ni ya leo na ya jana. Hakuna hata moja linalokuambia watoto watakuwaje. Novemba 2020, wakati sisi tunavaa barakoa mbili, jike la miaka miwili liitwalo New Kim, la Gaston na Kurt Van de Wouwer wa Berlaar, karibu na Antwerp, liliuzwa mnadani kwa yuro milioni 1.6. Zabuni ilianza yuro 200. Mwaka uliotangulia, dume liitwalo Armando liliuzwa yuro milioni 1.25. Wote walinunuliwa na Wachina, na hakuna aliyenunua ili arushe. Unanunua mayai ambayo bado hayajatagwa. Niliposoma gazeti hilo kwa sauti, Bompa aliniuliza kama jike lile lilikuwa linakohoa. Nikasema gazeti halikuandika. "Basi hawajui walichonunua," akasema. Sidhani kama alikuwa na haki, lakini nilimpenda kwa hilo.

Hapa jirani, Arendonk, kwenye Schoolstraat, waliishi ndugu Janssen, ambao njiwa wao karibu wamo ndani ya kila njiwa wa masafa ya kati duniani. Siri yao ilikuwa kutofungua mlango. Walizalisha ndani ya ukoo, waliingiza damu ya nje kwa nadra mno, na waliotoka dhaifu hawakubaki. Wenye njiwa wengine walikwenda kwao na baiskeli, wakanunua kinda, wakalichanganya na ndege wao, na hapo ndipo moto ulipowaka: ukoo uliofungwa ukikutana na damu ngeni, mtoto huwa na nguvu kuliko wazazi. Bompa alinunua wawili mwaka 1974. Mmoja aliliwa na kipanga. Wa pili, mstari wake bado uko juu ya kabati, kwenye daftari lenye jalada la kijani.

Daftari lile limejaa rangi. Nilidhani ni mapambo, mpaka aliponifundisha jambo ambalo baba yake alimfundisha. Dume la kijivu likipandana na jike jekundu, makinda mekundu yote ni madume na ya kijivu yote ni majike. Hukosei hata moja. Mimi nilisoma biolojia sekondari, nikamweleza sababu: kwa njiwa, kinyume na sisi, jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, kwa hiyo binti huchukua rangi hiyo kwa baba peke yake. Wekundu hushinda ukijivu, basi mwana akipokea wekundu wa mama huwa mwekundu. Bompa alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema baba yake aliacha shule akiwa na miaka 12 na hakuwahi kukosea.

Rangi ndiyo iliyomvuta Darwin pia. Mwaka 1855 alianza kufuga njiwa nyumbani kwake Down, akajiunga na vyama viwili vya wafugaji London, akakaa na watu waliokuwa wakibishana juu ya midomo na mikia. Alichanganya njiwa weupe wa mkia kama pepeo na weusi wa aina iitwayo barb. Watoto wakatoka na mabaka. Akawachanganya wao kwa wao, na mjukuu mmoja akazaliwa wa kijivu safi, kiuno cheupe, mistari miwili myeusi kwenye bawa: njiwa wa miambani, yule wa mwituni, amerudi kutoka kwa babu mweupe na bibi mweusi. Katika kitabu chake cha 1859 akaandika kwamba njiwa wote wa kufugwa wana babu huyo mmoja.

Alikuwa sahihi, ila kwa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Njiwa wengi wa mbio hawana mistari miwili bawani. Wana madoa, bawa zima limetapakaa, na wazee wa huku huwaita *geschelpt*, wenye makombe. Mwaka 2018 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha kazi juu ya jeni iitwayo NDP, inayoamua mchoro wa bawa. Kwa njiwa wa madoa, kipande cha vinasaba karibu na jeni hiyo kimejirudia, na kinapozidi kujirudia bawa huzidi kuwa jeusi. Wakakitafuta kipande hicho kwa njiwa wa miambani, wakakuta asili yake si huko. Wakakikuta kwa ndege wa spishi nyingine kabisa, *Columba guinea*, njiwa wa Afrika. Damu hiyo iliingia kwa njiwa wa kufugwa kati ya miaka 400 na 900 hivi iliyopita, muda mrefu baada ya binadamu kuwafuga. Kwenye jeni hiyo hiyo kuna badiliko lingine, linalofuta mistari yote bawani. Njiwa wa namna hiyo wameripotiwa kuwa na macho dhaifu, na badiliko lenyewe limeonekana kwa familia za watu wenye upofu wa kurithi. Wenye lenzi walikuwa wanatafuta bawa ndani ya jicho. Kumbe kuna jicho lililoandikwa kwenye bawa.

Nami *Columba guinea* ninamjua. Arusha alikaa juu ya dari la nyumba yetu. Mabawa mekundu ya udongo yenye vitone vyeupe, na kuzunguka macho ngozi nyekundu, kama amevaa miwani ya mtu mwingine. Kaka yangu alifuga njiwa wa kawaida kwenye maboksi juu ya nguzo, wale wanaoitwa pwani njiwa manga, yaani wa Uarabuni, na hao wa darini aliwafukuza kwa manati kwa kuwa walikula mtama wao. Sisi tuliwaita njiwa mwitu tu. Hakuna aliyetuambia kwamba ni wajomba wa mabingwa.

Sikumwambia Bompa papo hapo, kwa sababu tulikuwa tumekosana kidogo. Jumamosi moja ya Mei nilifika mchana kubadilisha bendeji yake ya mguu, nikaingia uani moja kwa moja na koti langu la kazi, jekundu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mti wa pea, hajatikisika, uso juu. Hakunipungia hata mkono. Dume wake wa kwanza kutoka Bourges alikuwa ameshakunja mabawa anashuka. Dume huyo alikuwa kwenye mfumo wanaouita ujane: wiki nzima katengwa na jike wake, anaonyeshwa dakika chache kabla ya kapu, kisha anarudi kama mwanamume aliyesahau ufunguo. Akaniona. Akapaa tena, akazunguka mara mbili, akatua juu ya paa la jirani, akaanza kujipanga manyoya. Saa ya siku hizi hurekodi yenyewe njiwa akikanyaga kibao cha mlangoni, lakini lazima akikanyage. Tulikaa dakika nne, mimi nimeganda kama nguzo, yeye ananong'ona majina ya watakatifu. Mshindi hupimwa kwa mita kwa dakika, na kwa mwendo wa mita 1,200, dakika nne ni karibu kilomita tano. Alipata nafasi ya 31. Nilimpima presha baadaye: 182. Aliniuliza tu kama wauguzi wa Arusha wote huvaa nyekundu.

Wiki ya tatu nikampelekea habari ya Utah. Nilimweleza polepole, kwa Kiflemi changu cha kuokoteza, kwamba wale *geschelpt* wake, mstari wa 1974 na wote, wamebeba mchoro wa njiwa wa kwetu. Alinyamaza. Akatazama daftari la kijani juu ya kabati kana kwamba mtu ameandika ndani yake bila ruhusa. Kisha akasema nilete picha.

Kaka yangu alipanda darini mwenyewe, akatuma kwa WhatsApp. Picha ilikuwa nzuri: ndege amegeuka upande, jua la asubuhi, ngozi nyekundu kuzunguka jicho, vitone vyote vinahesabika. Bompa alivuta droo, akatoa lenzi aliyoniapia miaka yote kwamba ameitupa. Akaiweka juu ya kioo cha simu yangu, akainama. Alikaa hivyo mpaka simu ikazima mwanga, nikaiwasha, akainama tena.

"Mmoja wa kwetu," nikasema.

"Naona, Sista. Kifua kizuri." Akasogeza lenzi kidogo kushoto. "Lakini kwa jicho hili, hata Quiévrain hafiki."